Kumkumbuka si kumtaka

Narudia, na safari hii naandika ili nisiseme tena: kummisi mtalaka wako si ushahidi kwamba talaka ilikuwa kosa.

Robert Weiss, mwanasosholojia wa Marekani, alilieleza hili miaka ya 1970: ile kushikamana kwa wanandoa hubaki hata mapenzi yakishakauka. Ndiyo maana hata aliyekuwa akipigwa huweza kulia usiku akimtaka aliyempiga. Mwili hauna habari kwamba hukumu imetoka.

Weiss pia alitenganisha upweke wa kumkosa mtu mmoja wa ndani na ule wa kukosa kundi. Hapa ndipo wajuaji hunikera: "Toka, changamana na watu!" Ukikaa na marafiki kumi kisha ukarudi mpweke kuliko ulivyotoka, hujashindwa. Umemeza dawa ya ugonjwa mwingine.

Kabla hujampigia, shika daftari. Kwa siku 14, hamu ikija andika saa, ulichokuwa ukifanya, na ambacho ungemwambia angepokea simu. Kwenye hilo la tatu watu hudanganya. "Nampenda" si jibu. Majibu ya kweli huwa madogo: bosi kanifokea, nimesikia kishindo nje, mlango wa nyuma nimeufunga au sijaufunga? Ukiyapanga, mara nyingi utaona hamu imejibanza kwenye saa moja au mbili, hasa kati ya kuingia nyumbani na kulala.

Basi fanyia kazi saa hiyo tu. Kaa peke yako dakika 20, simu chumba kingine, redio kimya, mikono ikiwa na shughuli: kupiga pasi, kumenya viazi. Ongeza dakika 10 kila wiki. Anayeanza na Jumapili nzima, saa kumi jioni utamkuta anasoma meseji za zamani.

Nywila, mtu wa kupigiwa wakati wa dharura, jina la mnufaika kwenye bima: badilisha wiki hii. Ukiwa hulali kabisa au unawaza kufa, achana na daftari, nenda hospitali leo.

Uhusiano mpya uanze lini? "Ngoja mwaka" naisema na mimi, kwa mazoea tu. Msingi wake siujui.

Na wapo ambao, kila wakiandika lile la tatu, si mlango wala bosi. Ni yeye hasa. Hao sina zoezi la kuwapa.