Maji ya chupa hayaoshi mashine ya barafu

Nikiitwa ofisini kuangalia mashine ya barafu ya mezani inayonuka, huwa nafungua kifuniko, napitisha kidole ubavuni mwa tenki na kumwonyesha mwenyeji ule ute. Jibu ni moja, hapa Tanga, kuanzia Chuda hadi Raskazone: "Lakini fundi, sisi tunaweka maji ya chupa tu." Wiki hii nimelisikia tena. Basi.

Kikapu cha ile mashine si friza. Hakina ubaridi wake. Barafu ikishadondoka kutoka kwenye vidole, vile vyuma vinavyogandisha maji, inakaa pale kungoja mtu. Isipochukuliwa inayeyuka, maji yanachuruzika kwenye matundu ya kikapu na kurudi tenkini, pampu inayapandisha, yanaganda upya. Ndivyo ilivyoundwa, na kwa kuokoa maji ni akili nzuri. Lakini aliyetoka kula mihogo na samaki, akachota barafu kwa kiganja, amenawa ndani ya maji ya ofisi nzima. Umeme ukikatika mchana wa kaskazi, kikapu chote kinarudi tenkini. Hapo chupa imesaidia nini?

Tena kuna jambo watu hawapendi kulisikia. Maji ya bomba yaliyotiwa dawa yana klorini kidogo inayowazuia vijidudu kwa muda. Ya chupa kwa kawaida hayana. Ya kuchemsha nayo, klorini imeondoka na mvuke. Yaache tenkini tangu Ijumaa hadi Jumatatu kwenye joto la Tanga uone. Sisemi mgandishe maji ya bomba yasiyochemshwa. Nasema maji yoyote yale yasilale humo. Kizibo cha chini hakikuwekwa kwa urembo: jioni mwaga, pangusa, acha kifuniko wazi.

Na baridi haiui, jamani. Inalaza tu. Vijidudu vingi vya kuharisha vinagandishwa, vinayeyuka, vinaendelea na maisha yao.

Maji ya chupa yanaweza kusaidia kwenye chokaa, hilo nakubali. Wenye visima mnajua: mwamba wa huku ni wa chokaa, ndio uliotupa mapango ya Amboni, na maji yake huacha magamba meupe kwenye vidole na kwenye kihisi cha kikapu (sensor), mashine ikadhani kikapu kimejaa kumbe kitupu. Dawa yake ni unga wa ndimu kwenye maji ya uvuguvugu, yazunguke, kisha suuza. Ndimu ya kukamua hapana! Nyama zake zinakwenda kuziba pampu.

Kinachoniudhi hasa ni kuchanganya kazi mbili. Siki na unga wa ndimu vinatoa chokaa. Kwa vijidudu usivitegemee. Jiki inaua vijidudu lakini chokaa haiiwezi, na ute ukiwa mzito haipenyi vizuri. Kwa hiyo sugua kwanza kwa sabuni, toa chokaa, suuza mpaka uchoke, ndipo jiki: kama kijiko cha chai kwa lita moja ya maji, dakika chache tu, maana ikikaa inakula chuma. Suuza tena. Jiki na siki visikutane kamwe, vinatoa gesi ya klorini. Anayemwambia dada wa usafi "changanya vyote ing'ae" aje akae naye humo jikoni, mlango umefungwa.

Kitufe cha kujisafisha? Sikiamini sana. Kinazungusha maji, kifuniko na kingo za kikapu hakivigusi. Hata mimi nikimaliza kazi, ndani ya mpira wa pampu sioni. Nanusa, naangalia maji yanayotoka, naondoka na wasiwasi kidogo. Na ile "kila wiki mbili" ninayowaambia ofisi zenye watu wengi haina kipimo cha maabara nyuma yake, ni uzoefu wa macho.

Barafu ya mkupuo wa kwanza baada ya kuosha itupwe. Koleo litundikwe nje, lisizikwe ndani ya barafu. Na bosi naye atumie koleo.