Injini ikizima juu ya ardhi ya kabila: yanayosemwa na ukweli wake

Oktoba 2025, injini ya ndege ndogo ilizimika kaskazini mwa Minnesota, rubani akaishusha barabarani ndani ya ardhi ya Red Lake, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani. Polisi wa kabila waliizuia ndege hiyo, wakitaja azimio la mwaka 1978 linalokataza kuruka chini ya futi 20,000. Ubishi uliozuka una mengi ya kunyooshwa.

"Mwenye ardhi ndiye mwenye anga." Sivyo. Sheria ya Marekani inaliweka anga lote mikononi mwa serikali kuu, na anayepanga njia na kimo ni FAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Mfugaji mmoja wa kuku North Carolina aliishtaki serikali: ndege za jeshi zilipita futi 83 tu juu ya shamba lake, kuku wakajibamiza ukutani kwa hofu na kufa. Alishinda, lakini mwaka 1946 Mahakama ya Juu ilisema anga la mwenye shamba ni lile la karibu analoweza kulitumia, si hadi mbinguni. Na futi 20,000 si mchezo: Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, hukomea kama futi 14,000, kwa hiyo katazo hilo lingezifungia ndege ndogo nyingi.

"Basi kabila halina la kusema." Hapa mashabiki wa ndege ndipo wanapoteleza. Magurudumu yakishagusa chini, uko kwenye ardhi ya kabila lenye serikali, polisi na mahakama yake. Ni kweli kwamba mwaka huohuo wa 1978 Mahakama ya Juu iliyanyima makabila uwezo wa kuwashtaki kwa jinai watu wasio wenyeji wa asili, isipokuwa pale Bunge linaporuhusu. Lakini madai ya kiraia ni habari nyingine. Kesi ya Montana ya 1981, juu ya mamlaka ya kabila kwa watu wasio wanachama wake, iliyabana makabila, ila haikuufunga mlango.

"Lazima uombe kibali kwanza." Kwa nani, na saa ngapi? Kanuni ya FAA namba 91.3 inamruhusu rubani kuvunja kanuni za urukaji kadiri dharura inavyomlazimu; FAA ikitaka, atatoa maelezo kwa maandishi. Injini ikizima futi 3,000 juu, Cessna 172 hunyiririka kama kilomita nane, yaani dakika nne hivi. Humo aweke mwendo sawa, achague pa kutua, apashe kabureta joto, abadili tangi la mafuta, aite Mayday (wito wa dharura redioni), na afungue mlango usije ukabana.

"Dharura inafuta gharama." Mwaka 1910 mahakama ya Minnesota hiyohiyo iliamua kesi ya meli iliyojifunga gatini wakati wa dhoruba. Nahodha hakukosea kubaki, lakini mwenye meli alilipa dola 500 za kuharibu gati. Na kuruka tena si dharura: utaongea na mwenye ardhi, la sivyo mabawa yafunguliwe, ndege ipakiwe kwenye lori.