Sanduku la Wufa si Kabati

"Sanduku ni sanduku tu, fundi." Mwezi huu nimeambiwa hivyo mara tatu, na hiyo ya tatu ndiyo imenifanya niweke drili chini nije kuandika. Aliyesema ni mteja mpole kabisa, mwenye pikapu nyeupe ya dabo kabini. Alikuja na sanduku la kukaa chini ya kiti cha nyuma, limeshachongwa na seremala wake na kuvishwa kapeti, wufa (spika za besi) mbili bapa za inchi 10 zimefungwa zikiangalia chini, na ubavuni kuna tundu: kipande cha bomba la maji taka la inchi 4. Alitaka jambo dogo. Nimuunganishie waya, nimpe besi "kama ya matatu za Rongai", aende zake.

Nikaunganisha, nikaweka rumba. Gitaa la besi likawa linakuja na kupotea. Noti moja inavuma hadi vioo vinatetemeka, inayoifuata kwa chini haipo, na pale ambapo haipo ndipo koni, zile nyuso za spika zinazosukuma hewa, zinapopepea kama kanga kwenye kamba. Mwendo mwingi, sauti hakuna. Dakika tano hivi nikanusa ile harufu ya koili, ule waya ulioviringwa unaosukuma koni, inayoanza kuiva, nikazima.

"Hizo spika ni feki," akasema. "Nimeuziwa feki."

Spika zilikuwa nzima. Kibovu kilikuwa hesabu.

Sasa nisikilizeni, na nyinyi maseremala ninaowaheshimu nisikilizeni zaidi. Sanduku la wufa si kabati la kuhifadhia spika isipigwe vumbi. Hewa iliyofungiwa ndani ni springi. Koni ikienda nje inaivuta, ikirudi inaikandamiza, na ugumu wa springi hiyo unategemea hewa ni lita ngapi. Hili si jambo la jana. Mwaka 1954 Edgar Villchur kule Marekani alitoa spika ya AR-1 iliyotegemea hewa ya sanduku lililofungwa iwe ndiyo springi. Mwaka 1961 Neville Thiele wa Australia akaandika hesabu za masanduku yenye tundu, na miaka ya 1970 Richard Small akazikamilisha. Zile Fs (hezi ambazo spika yenyewe hupenda kutetemeka), Qts (jinsi mtetemo huo unavyodhibitiwa) na Vas (lita za hewa zenye ulaini sawa na wa springi ya spika) zilizo kwenye karatasi unayotupa pamoja na katoni zinatokana na kazi ya hao wawili. Usitupe hiyo karatasi. Mimi bila hiyo karatasi ni mpiga ramli.

Nikamuuliza mteja sanduku lina lita ngapi. Akampigia seremala, naye akajibu bila kusita: 65. Alipewa mchoro kwenye simu, lita 65, tundu la kuimbia hezi 35 (mitetemo 35 kwa sekunde), akapima urefu mara upana mara kimo, ikatoka.

Nikachukua futi. Urefu sentimita 120, upana 30, kimo 18. Ukizidisha unapata lita 64.8, na hapo seremala hajakosea. Ila amepima kwa nje. Wufa haiishi nje. Ubao ni MDF (ule wa unga wa mbao uliogandamizwa) ya milimita 18, kwa hiyo kila kipimo kinapoteza sentimita 3.6, ubao wa huku na wa huku: 116.4 kwa 26.4 kwa 14.4. Hizo ni lita 44 na kidogo. Lita 20 zimeliwa na ubao, na hata skrubu hatujahesabu.

Haijaisha. Kile kimo cha 18 ni cha mbele tu. Kiti cha nyuma kimeinama, kwa hiyo sanduku nalo limekatwa mshazari, nyuma lina 12. Wastani ni 15, toa ubao ubaki na 11.4. Piga upya: lita 35. Spika zenyewe, sumaku na fremu, kila moja inakula kama lita moja na nusu. Bomba nalo, urefu sentimita 24 na unene wa nje sentimita 11, linakula lita 2.3. Tumebaki na lita 30, chini ya nusu ya ile 65 aliyonitajia kwenye simu kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Na tundu halisamehi. Bomba lilikatwa kwa ajili ya lita 65. Ukiliweka kwenye lita 30 haliimbi tena hezi 35, linapanda hadi 52 hivi. Chini ya hapo, hewa inapita kwenye tundu kama haikuona koni, springi inapotea, na koni inabaki inaogelea. Uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi ni hezi 41. Kwa hiyo mpiga besi wa rumba kila akishuka alikuwa anatumbukia shimoni, na kila akipanda karibu na 52 gari zima linavuma. Ndiyo noti moja inakuja, nyingine inapotea.

"Basi refusha bomba," mteja akasema, na nikafurahi kwamba ananifuata. Hesabu ikasema kwa lita 30 na hezi 35 bomba linataka zaidi ya nusu mita. Hilo la nusu mita linakula lita 5 badala ya 2.3. Hewa ikipungua, bomba linadai lirefuke tena. Ukilirefusha, linakula tena. Chini ya kiti cha pikapu mchezo huu huna pa kuushindia. Mwenye matatu akikubali kupoteza nauli ya kiti kimoja anapata lita 150 bila kubishana na mtu. Wewe una watoto, una mkwe anayepanda kwenda Machakos, na kiti chako hung'oi.

Kwa hiyo chini ya kiti mimi nafunga. Sanduku lisilo na tundu. Nikatoa spika, nikachomoa bomba kupitia matundu yao, nikakata kisahani cha MDF, gundi nyeupe, skrubu nane, na silikoni kuzunguka. Seremala kwenye simu bado alikuwa anaapa kwa lita 65, basi nikaomba mahindi makavu kwa mama anayetupikia chakula cha mchana. Njia hii naipenda kuliko kalkuleta, hasa sanduku likiwa na kona za ajabu: unamimina ndani kwa mtungi wa lita 5, unatikisa, unahesabu. Iliingia mitungi saba kasoro konzi moja. Seremala akanyamaza. Mahindi yakarudi kwa mama, yakapepetwa, yakawa githeri, na aliyelalamikia unga wa mbao alilalamika akiwa ameshamaliza sahani.

Hapa sasa lazima nikiri jambo ambalo halinipendezi. Karatasi ya spika hizi inasema Fs 32, Qts 0.50, Vas lita 30. Kwenye sanduku lililofungwa, kila spika ikipata lita 16 hizi tulizobaki nazo, mlio wa pamoja wa spika na sanduku unakaa hezi 54 na Qtc, yaani ile Qts spika ikiwa ndani ya sanduku, inafika 0.85. Kama kweli pangekuwa na lita 65, tungepata hezi 45 na Qtc 0.70, ambayo vitabu vinaiimbia sifa kwa kunyooka. Tofauti kubwa, sivyo? Piga hesabu ya sauti inayotoka kwa hezi 35: ni desibeli moja na nusu. Moja na nusu! Kwenye barabara ya murram, madirisha wazi, sidhani kama kuna sikio litakalolishtaki sanduku dogo. Kuna siku wateja wawili walisikiliza masanduku yangu mawili bila kuambiwa lipi ni lipi, na wote wakachagua lile nililokosea kipimo likatoka dogo. Wakasema lina "kifua". Kwa hiyo nikibishana juu ya lita, jua kwamba kwenye sanduku lililofungwa napigania heshima yangu zaidi kuliko masikio yako. Kwenye lenye tundu napigania koili zako.

Mengine nayapitia haraka. Wati elfu moja zilizoandikwa kwenye amplifaya: angalia fyuzi. Ampea 30 mara volti 13.8 ni wati 414 zinazoingia, na zinazotoka ni pungufu ya hizo. Hakuna muujiza. MDF ikinywa maji inavimba kama mkate kwenye chai, na nyinyi mnaoosha pikapu kwa bomba la presha hadi ndani mnajijua. Wa hivyo namwekea plaiwudi ya milimita 12 na vigingi vya kukaza ndani, na lita kadhaa zinarudi bure. Toboa kwanza ndipo uingize skrubu kwenye ukingo wa MDF, la sivyo inapasuka kama biskuti. Soketi za njano chini ya viti vya mbele ni za mifuko ya hewa, usiziguse. Na usitoboe sakafu kutafuta pa kufungia sanduku, chini yake kuna mabomba ya breki na ya mafuta. Tumia bolti za kiti zilizopo. Lakini lifunge. Kilo 20 na zaidi za mbao na sumaku zikiruka kwenye breki ya ghafla si muziki tena.

Kuvuja pia. Sanduku lililofungwa ambalo linavuja kwenye tundu la waya ni uongo. Sukuma koni polepole kwa vidole vilivyotandazwa, uachie. Ikirudi kwa uvivu, vizuri. Ikiruka mara moja, washa udi, uzungushe kwenye maungio huku besi inapiga taratibu, utazame moshi unapocheza.

Kuhusu spika kuangalia chini, nimeulizwa hadi nimechoka: "Fundi, koni haitalegea kwa uzito wake?" Italegea, ndiyo. Kwa spika ya Fs 32 italegea robo ya milimita. Robo. Na spika yenyewe ina mwendo wa milimita 10 kila upande. Wasiwasi wako uuhamishie kwenye miguu ya sanduku: lazima pawe na nafasi kati ya koni na kapeti la gari. Mimi naacha sentimita 4, na seremala huyu naye aliacha 4, mpeni haki yake.

Kuna jambo moja ambalo mchoro wa kwenye simu hauwezi kukwambia, nalo ni makalio. Kiti kikikaliwa kinashuka, na kila kiti kinashuka kivyake, hasa kikiwa kimezeeka sponji. Nikarudi kwa mama, safari hii kuomba unga wa chapati uliokandwa. "Sasa unalipikia gari?" akaniuliza. Nikatengeneza vidonge vitano vya kimo cha sentimita 4, nikavipanga juu ya sanduku, nikateremsha kiti, nikawaketisha vijana wangu wawili pamoja na mteja mwenyewe, ambaye si mwembamba. Rukeni kidogo. Tukainua kiti. Vya pembeni vilibaki na sentimita 2. Cha katikati kilikuwa chapati kabisa, milimita 6. Nafasi ipo, ila ndogo. Seremala angeongeza sentimita moja tu ya kimo ili apate lita, fremu ya kiti ingekaa juu ya ubao, na kila tuta la barabarani lingekuwa nyundo.

Pamba ya mito niliweka, konzi nne kila upande. Nadharia inasema inapunguza joto la hewa inapokandamizwa, kwa hiyo sanduku linajifanya kubwa kidogo. Nimeweka kwa miaka, na bado sijui kama ninachosikia ni pamba au ni mazoea. Vilevile vitabu vinasema kabini ndogo yenyewe huongeza besi za chini, hadi desibeli 12 kila hezi zikipungua nusu. Kwa gari lililozibwa vizuri, sawa. Kwa pikapu ambayo mipira ya milango imekauka na dirisha la nyuma halifungi vizuri, napunguza imani. Nasikiliza, nageuza, nasikiliza tena.

Tukawasha rumba ile ile. Gitaa likashuka na kupanda ngazi zote bila kuruka hata moja, na koni zikatulia. Mteja akakaa kiti cha nyuma, akafumba macho, akasema, "Lakini haipigi kama ya matatu." Nikamwambia hapana, haipigi. Akalipa, akachukua na bomba lake.

Jumapili akapiga simu. "Fundi, kuna kitu kinalia nyuma kama sufuria, nikiwa kwenye wimbo fulani tu."

"Mpini wa jeki uliurudisha wapi?"

Kimya kidogo. "Chini ya kiti, kando ya sanduku."

"Ufunge na mpira wa tyubu."