Kijana aliyepunguzwa mfuko wa chakula: vidonge, sindano na kliniki

Upasuaji wa kupunguza uzito unaofanywa zaidi kwa vijana ni wa kukata na kutoa takribani robo tatu ya mfuko wa chakula tumboni. Kinachobaki ni bomba jembamba, umbo la ndizi. Sehemu inayotolewa ndiyo inayozalisha kwa wingi homoni ya njaa, kwa hiyo kijana hushiba upesi na hamu yenyewe hupungua. Si wa kila mnene: mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa 2023 unawalenga wenye unene uliokithiri, kuanzia miaka 13.

Wiki za mwanzo ni vimiminika, kisha vyakula vya kupondwa. Wengi hukwama wanaporudi kwenye ugali na wali: tonge kubwa, halijatafunwa, maji yakafuata. Hapo atatapika tu. Tonge liwe dogo, maji yasubiri nusu saa, na yai, samaki au maharage vitangulie, ili apate angalau gramu 60 za protini kwa siku.

Lakini kutapika siku kadhaa mfululizo si jambo la kuvumilia nyumbani. Akiba ya vitamini B1 huisha ndani ya wiki chache. Miguu hufa ganzi, mwendo huyumba, macho hucheza, mgonjwa huchanganyikiwa. Mwambieni daktari wa zamu kwamba alifanyiwa upasuaji huu, maana B1 hutangulia dripu ya glukosi. Glukosi ikitangulia, humaliza kiasi kidogo kilichobaki.

Vidonge vya vitamini na madini ni vya maisha, na hapa ndipo vijana huteleza: wakijisikia wazima, wanaacha. Katika utafiti wa Teen-LABS wa Marekani uliofuatilia vijana 242 waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito wa aina mbalimbali, baada ya miaka 3 uzito ulikuwa umeshuka kwa wastani wa asilimia 27, ila asilimia 57 walikuwa na akiba ndogo ya chuma. Kalsiamu, miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, imezwe kwa mafungu, ikipishana na chuma kwa saa mbili.

Uzito ukianza kurudi, msimsute. Mwili hupigania uzito wake wa zamani. Daktari anaweza kuongeza sindano ya semaglutaidi, dawa ya kupunguza njaa, inayoruhusiwa Marekani kuanzia miaka 12. Huanza na miligramu 0.25 mara moja kwa wiki, kwa wiki 4, ikipandishwa taratibu hadi 2.4. Anayeruka hatua ili apungue haraka hutapika, na mnajua sasa kutapika kunakompeleka. Akiiacha, njaa hurudi. Haifai kwa mwenye saratani ya medula (aina moja ya saratani ya tezi ya shingo), yeye mwenyewe au katika ukoo.

Kwa wasichana kuna la ziada: uzito ukishuka, hedhi iliyokuwa ya kubahatisha hutengemaa na mimba huingia kirahisi. Baada ya upasuaji isubiri miezi 12 hadi 18, na sindano iachwe miezi 2 kabla. Njia ya uzazi wa mpango ijadiliwe kliniki kabla ya upasuaji.