Bawasiri kwa mjamzito: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

Kliniki ya wajawazito ina maswali yake. Presha ngapi, uzito kilo ngapi, mtoto anacheza, vidonge vya damu unameza? Swali la choo ni nadra kuulizwa, na mama mwenye kinyama kinachomuuma nyuma hana ujasiri wa kulianzisha mwenyewe huku benchi zima la wenzake linasikiliza. Anarudi nalo nyumbani. Jioni anamuuliza shangazi, au jirani, au anafungua simu. Majibu anayoyapata huko ndiyo nataka kuyachambua hapa, kwa sababu baadhi yake yanaumiza kuliko bawasiri yenyewe.

Nianze na lile baya kuliko yote.

"Mwenye bawasiri ameingiliwa kinyume na maumbile"

Maneno haya husemwa kwa kunong'ona, na ndiyo yanayowanyamazisha wanawake wengi mpaka wanashindwa kukaa. Si kweli. Kila binadamu, mwanamume kwa mwanamke, anazaliwa na vifuko laini vya mishipa ya damu ndani ya njia ya haja kubwa. Kazi yake ni kusaidia kuziba njia ile ili choo na hewa visitoke ovyo. Vikivimba na kushuka ndipo tunasema mtu ana bawasiri.

Kwa mjamzito sababu za kuvimba ziko mwilini mwake tayari. Damu yake imeongezeka kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo kabla ya mimba. Homoni ya projesteroni, ileile inayoutuliza mfuko wa uzazi usijikaze kabla ya wakati, hulegeza pia kuta za mishipa na kupunguza mwendo wa utumbo. Choo kinakaa ndani muda mrefu, maji yake yanafyonzwa, kinakuwa kigumu. Mtoto naye anakua, na uzito wa mfuko wa uzazi unaikandamiza mishipa inayorudisha damu kutoka nyonga na miguu. Ndiyo maana bawasiri huwajia akina mama zaidi katika miezi mitatu ya mwisho, au mara tu baada ya kusukuma mtoto. Ni tatizo la kawaida sana. Kwenye benchi la wajawazito kumi, usishangae wakiwamo wawili au watatu wanaokaa upande upande bila kusema.

Mume anayesoma hapa naye ayasikie haya, maana zipo nyumba zilizoingia ugomvi kwa sababu ya kinyama hiki, na mwanamke hakuwa na kosa lolote.

"Ni pilipili, sakafu ya baridi na choo cha kuchuchumaa"

Pilipili haileti bawasiri. Inaweza kuwasha wakati wa haja mahali palipokwisha kuchubuka, basi. Anayeona inamsumbua aiache kwa muda. Sakafu ya baridi haihusiki. Choo cha kuchuchumaa nacho kinasingiziwa, kwani mtu akichuchumaa njia ya choo hunyooka na haja hutoka kwa nguvu ndogo kuliko akikaa. Kinachodhuru ni kujikamua, na kukaa chooni muda mrefu simu ikiwa mkononi. Anayetumia choo cha kukaa aweke miguu juu ya kigoda ili magoti yapande juu kuliko nyonga. Haja ikibisha hodi aende wakati uleule. Akiibana mpaka wageni waondoke, itarudi ikiwa ngumu zaidi.

"Ni vile vidonge vya damu, bora niviache"

Hapa upo ukweli kidogo, ndiyo maana dhana hii ni ngumu kuing'oa. Madini ya chuma kweli hufunga choo kwa baadhi ya wanawake, na hukifanya kiwe cheusi au cha kijani kibichi. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apate miligramu 30 hadi 60 za chuma na miligramu 0.4 za asidi ya foliki kila siku, kwa sababu mama anayeingia leba akiwa na damu kidogo hana akiba ya kupoteza. Anayeacha vidonge ili choo kilainike, huku bawasiri inavuja matone kila asubuhi, anajipunguzia damu kwa njia mbili. Amwambie nesi ukweli kwamba vinamfunga, asivifiche kabatini halafu adanganye kwamba anameza. Dozi inaweza kupangwa upya, na dawa ya kulainisha choo inaweza kuongezwa. Asivimeze na chai wala maziwa, maana vyote viwili huzuia chuma kuingia mwilini. Maji na chungwa vinafaa zaidi.

Tukiwa tunavilaumu vidonge, kuna kitu kingine kwenye mkoba ambacho hakitajwi: udongo. Tanzania wengi wanauita pemba, Kenya odowa. Ni vipande vya kijivu au vyekundu vilivyokaushwa, vinauzwa kwa mafungu sokoni pembeni ya tangawizi na ndimu, na mjamzito akikinusa tu kipande chake mate yanamjaa kwa ile harufu ya mvua ya kwanza. Anatafuna kidogo asubuhi, kidogo mchana. Udongo huo hufunga choo, na ulaji wake unahusishwa na upungufu wa damu. Katika eneo la machimbo ya dhahabu kaskazini magharibi mwa Tanzania, udongo unaoliwa na wajawazito ulipimwa ukakutwa na madini ya sumu, ikiwamo aseniki. Hamu hii si ya kuchekwa, kwani mara nyingi inakwenda pamoja na damu kupungua. Anayeisikia aombe kupimwa wingi wa damu.

"Mjamzito asile papai, ataharibu mimba"

Papai bichi lenye utomvu mweupe aliache. Papai lililoiva vizuri, la rangi ya chungwa, lisilotoa utomvu, halina tatizo, na ni mojawapo ya vilainisha choo vizuri na vya bei nafuu tulivyo navyo. Inasikitisha mama anavyokatazwa papai lililoiva halafu anapewa chapati za unga mweupe na soda, eti apate nguvu.

Chakula ndicho dawa ya kwanza ya bawasiri ya mjamzito. Anahitaji gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku, kiasi kisichohitaji duka la vyakula vya kigeni. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kinampa gramu 11 hadi 15. Ugali wa dona una ganda na kiini cha hindi, vitu ambavyo mashine ya sembe huviondoa. Ongeza matembele, mchicha au kisamvu, sahani ijae. Si kijiko kimoja cha kupambia. Kunde, choroko, viazi vitamu, embe, chungwa linaloliwa na nyama zake badala ya juisi iliyochujwa, vyote vinasaidia. Aanze taratibu, kwani anayeruka ghafla kutoka sembe hadi maharage asubuhi na jioni tumbo litamjaa gesi, akate tamaa siku ya tatu.

Na anywe maji, glasi nane au zaidi, hasa wanaoishi kwenye joto la pwani. Nyuzinyuzi bila maji huzidisha kufunga choo. Najua wajawazito wengi hupunguza maji kwa makusudi kwa sababu ya kukojoa mara kwa mara, au kwa sababu choo cha nyumba ya kupanga kiko uani na usiku wanaogopa kutoka. Basi maji mengi yanywewe kuanzia asubuhi hadi alasiri, jioni apunguze.

Chakula kikishindwa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu huduma za wajawazito unaruhusu pumba za ngano au nyuzinyuzi nyingine za kuongezea. Ziwe pumba safi zilizofungashwa kwa ajili ya binadamu. Zile za gunia la mifugo huhifadhiwa vibaya na huota ukungu.

"Ya mitishamba haina madhara"

Mbarika ni mmea, na mafuta yake, ambayo wengine huyaita ya nyonyo, yanaweza kuamsha uchungu kabla ya wakati. Shubiri ni mmea pia. Utomvu wake mchungu ukinywewa huendesha tumbo kwa nguvu, na mjamzito haruhusiwi kuunywa. Kitunguu saumu kikiingizwa nyuma huunguza ngozi laini. Kuhusu unga unaotangazwa kwenye simu kwamba unakata bawasiri kwa siku tatu, muulize muuzaji umetengenezwa na nini. Asipoweza kujibu, mama mwenye mimba hana sababu ya kuupaka mahali pale wala kuunywa.

Dukani nako kuna hatari. Diklofenaki na ibuprofeni hununuliwa kwa maumivu ya kila aina, lakini kuanzia wiki ya 20 ya mimba zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka, na baadaye zinaweza kubana mshipa muhimu karibu na moyo wake. Parasetamo kwa kipimo sahihi ndiyo inayofaa. Laktulosi, ile dawa ya maji tamu ya kulainisha choo, haifyonzwi mwilini isipokuwa kwa kiasi kidogo mno, na hutumiwa na wajawazito. Dawa za kupaka zipo nyingi; nyingine zina steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, kwa hiyo mfamasia aambiwe kwanza kwamba kuna mimba, hata kama tumbo halijaonekana.

Nyumbani, beseni safi la maji ya vuguvugu linatosha. Akae dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, kisha ajikaushe kwa kugusagusa na kitambaa laini, asisugue. Maji yawe yale ambayo angemwogeshea mtoto. Hayahitaji dawa ya kuua vijidudu. Kulala kwa ubavu wa kushoto huipunguzia mishipa ile mzigo. Kinyama kikitoka wakati wa haja, anawe mikono, apake mafuta mepesi ya mgando, alale ubavu na akirudishe taratibu kwa kidole.

"Ni damu ya bawasiri tu"

Dhana hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu inaweza kuua watu wawili. Damu ya bawasiri ni nyekundu mbichi, huja na haja kubwa, hupaka juu ya choo au hudondoka mwishoni, kisha hukatika. Damu inayotoka ukeni ni jambo jingine kabisa. Kondo la nyuma likiwa limeziba mlango wa uzazi, damu inaweza kutoka bila maumivu yoyote. Likibanduka kabla ya wakati, tumbo huwa gumu na huuma. Mwanamke mwenye tumbo kubwa hawezi kujiangalia. Anaona wekundu chooni, anakumbuka bawasiri yake, analala.

Afanye hivi: ajipanguse mbele kwa kitambaa safi cheupe, kisha nyuma kwa kingine, avae pedi na kuitazama baada ya muda mfupi. Damu ikiwa imetoka mbele, au akiwa na shaka hata kidogo, aende hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku au mvua. Vilevile asisubiri kama damu ya nyuma ni nyingi, kama anasikia kizunguzungu na moyo kwenda mbio, au kama choo ni cheusi, kinanata na kina harufu kali isiyo ya kawaida, kwani weusi wa vidonge vya damu hauna sifa hizo.

Uvimbe mgumu wa zambarau, kama zabibu, unaoota ghafla ukingoni na kuuma hata kwa kukohoa, ni damu iliyoganda ndani ya bawasiri ya nje. Maumivu huwa makali zaidi siku mbili tatu za mwanzo. Akifika kwa daktari ndani ya saa 72 anaweza kupasuliwa kidogo kwa ganzi ya mahali pale, hata akiwa na mimba. Akichelewa, mara nyingi uvimbe hupungua wenyewe kwa wiki moja au mbili.

"Hatajifungua kawaida, na isipokatwa itakuwa saratani"

Bawasiri peke yake si sababu ya kupasuliwa wakati wa kujifungua, wala haimdhuru mtoto tumboni. Haigeuki saratani. Ila damu ya haja kubwa inayoendelea ichunguzwe, kwa sababu saratani ya utumbo nayo huweza kutoa damu. Mkunga aambiwe mapema kuwa ipo, ili asishtuke kuona kinyama kimetokeza wakati mama anasukuma. Kinaweza kuvimba zaidi siku zile, kisha kwa wengi hunywea chenyewe wiki chache baada ya kujifungua. Ndiyo maana madaktari hawaharakishi kukikata kinyama wakati mama bado ana mimba.

Baada ya kujifungua bibi au shangazi huja na sufuria la maji ya moto kumkanda mzazi. Tumbo na mgongo vina mjadala wake; chini pasiguswe na maji ya moto wala mvuke, kwani ngozi yenye mshono na bawasiri iliyovimba huungua haraka. Mzazi aliyeshonwa huogopa haja ya kwanza, akaacha kula ili isije. Ale, anywe maji zaidi kwa sababu ananyonyesha, na wakati wa haja akandamize pedi safi juu ya mshono kwa upole. Kama kwenye hudhurio la siku ya 42 kinyama bado kipo na kinasumbua, akitaje. Kuna kukifunga kinyama kwa mpira mdogo ili kinyauke na kudondoka, kuna upasuaji, na hakuna kati ya hivyo kinachomlazimu kumwachisha mtoto ziwa.