Je, wajua kwa nini mzazi anaweza kuwa wa mwisho kugundua kwamba mtoto wake harefuki?

Mtoto aliyevuka miaka 4 huongezeka kimo kwa takribani sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka, yaani kiasi cha nusu sentimita kwa mwezi, na badiliko dogo kama hilo halionekani kwa mtu anayeshinda naye kutwa. Shangazi anayekuja kutembea mara moja kwa mwaka huliona haraka kuliko mama. Mzazi naye hupata dokezo lake mahali pasipotarajiwa: suruali inachakaa magotini kabla ya kuwa fupi, au mdogo mtu anamfikia kaka yake begani.

Kosa la kawaida ni kuuliza kama mtoto ni mfupi, ilhali swali lenye faida ni anaongezeka kiasi gani kwa mwaka. Mtoto mchanga huzaliwa akiwa na urefu wa karibu sentimita 50, huongeza takribani 25 katika mwaka wa kwanza na karibu 12 katika mwaka wa pili, kisha kasi hupungua hadi kufikia zile 5 au 6 za kila mwaka, ambazo huendelea mpaka balehe inapoiamsha kasi upya. Kwa hiyo kupungua kwa kasi baada ya uchanga si ugonjwa. Lakini mtoto aliye kati ya miaka 4 na kubalehe ambaye kwa mwaka mzima hafikishi hata sentimita 4 anastahili kuonwa na daktari, hata kama bado ni mrefu kuliko wenzake darasani.

Chati za ukuaji zilizotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 zilitokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na zilionyesha kwamba watoto wa mataifa mbalimbali wanaolishwa vizuri na kuishi katika mazingira ya afya hukua kwa namna inayokaribiana sana hadi umri wa miaka 5. Mtoto huhesabiwa kuwa amedumaa kimo chake kikiwa chini ya kimo cha kati cha umri na jinsi yake kwa zaidi ya mikengeuko sanifu 2 (kipimo cha jinsi vimo vya watoto wa umri huo vinavyotawanyika kutoka kimo cha kati). Hata hivyo, nukta moja kwenye chati haisemi mengi. Mtoto wa wazazi wafupi anayefuata mstari wa chini bila kuuacha tangu miaka 2 huenda ni mzima kabisa, wakati yule aliyekuwa mstari wa kati akiwa na miaka 3 na sasa, akiwa na miaka 6, ameshuka hadi mstari wa chini, ndiye anayenitia wasiwasi zaidi.

Kwa kuwa tofauti inayotafutwa ni ndogo, kipimo kibovu huiharibu. Aliye chini ya miaka 2 hupimwa akiwa amelazwa. Mkubwa kuliko huyo husimama bila viatu, nywele zisiwe zimefungwa utosini, visigino, makalio na mgongo vikigusa ukuta, macho yakitazama mbele, kisha kitabu kigumu kilazwe kichwani kikiwa kimenyooka dhidi ya ukuta. Mpime saa ileile kila mara, kwa sababu uti wa mgongo hujibana mchana na mtu anaweza kuwa mfupi jioni kwa karibu sentimita nzima kuliko alivyoamka. Kumpima kila wiki ni kujisumbua bure. Linganisha vipimo vilivyopishana kwa miezi 6 au zaidi.

Uzito nao husaidia kutambua chanzo. Lishe isiyotosha, kuharisha mara kwa mara au ugonjwa sugu wa matumbo kwa kawaida hupunguza uzito kwanza, na kimo hufuata baadaye. Lakini mtoto ambaye kimo kimesimama huku akizidi kunenepa huelekeza fikra kwenye homoni, hasa upungufu wa homoni ya ukuaji au ya tezi ya thairoidi, na unene huo ndio unaowadanganya wazazi wakaamini kwamba mtoto anastawi. Kwa msichana ambaye ni mfupi bila sababu inayoeleweka, daktari hufikiria pia hali ya kromosomu (nyuzi za urithi zilizo ndani ya seli) iitwayo Turner, ambayo wakati mwingine haina dalili nyingine ya wazi utotoni.

Unapokwenda kwa daktari, chukua vipimo vya nyuma pamoja na tarehe zake, na utaje vimo vya wazazi wote wawili. Atavijumlisha, ataongeza 13 kwa mvulana au kupunguza 13 kwa msichana, kisha atagawa kwa 2 ili kukadiria kimo cha utu uzima: baba wa sentimita 170 na mama wa 158 hutoa 170.5 kwa mvulana, na mtoto anaweza kuzidi au kupungua hapo kwa sentimita 8 hivi. Anaweza pia kuagiza eksirei ya kiganja cha kushoto ili kuona umri wa mifupa, yaani imekomaa kiasi gani. Wapo wanaochelewa kubalehe ambao mifupa yao iko nyuma ya umri wao, na hao hurefuka baadaye bila dawa. Mifupa hurefuka kwenye gegedu zilizo karibu na ncha zake, na gegedu hizo zikishafunga mwishoni mwa balehe, vidonge vinavyotangazwa kuwa vinarefusha watu wazima haviongezi chochote.