Rangi mbaya ni ya skani, usiulaumu mkanda

Mtu anapiga filamu, mkanda unasafishwa, anatumiwa picha kwenye simu, anakuta sura zimekaa kijani kijani na anga limekuwa jeupe, basi anasema hii filamu mbaya au anajilaumu kakosea mwanga. Mi nimeskani negativu (ule mkanda uliokwisha kusafishwa, ambao rangi na mwanga wake vimekaa kinyume) miaka mingi sasa, na mara nyingi kosa halipo kwenye mkanda kabisa. Negativu ndo picha yenyewe. Ile JPEG, yaani faili ya picha uliyotumiwa, ni namna skana ilivyoisoma ikiwa imeachwa iamue peke yake.

Chukua negativu ya rangi uielekeze kwenye mwanga, utaona yote imetandwa na rangi ya chungwa, mpaka kule pembeni kwenye matundu ambako hakuna picha. Ule sio uchafu wala uzee, umewekwa makusudi kiwandani, maana rangi zinazotokea ndani ya filamu wakati wa kusafisha huwa sio safi kabisa, zinameza kidogo na mwanga ambao sio wa kwao, sasa ule uchungwa ndo unafidia hiyo kasoro. Karatasi ya kuchapia picha ilitengenezwa kwa kulizingatia hilo. Kwenye kompyuta inabidi programu igeuze hasi iwe chanya na hapohapo iuondoe uchungwa, na kila programu inakisia kivyake, ikikutana na machweo mekundu inaona wekundu umezidi, inaupunguza, na machweo yako yameishia hapo.

Ndo maana mi lazima niache ukingo mtupu wa mkanda uonekane kwenye skani. Kwenye programu nasawazisha weupe kwa kugusa pale pale kwenye uchungwa mtupu, ili iuhesabu kuwa hauna rangi, afu ndo nageuza, na kipimo hichohicho nakitumia mkanda mzima.

Kuhusu vifaa, fremu ya 35mm ni milimita 24 kwa 36 tu, ukiiskani kwa dpi 4000 (nukta 4000 kwa kila inchi) unapata kama pikseli milioni 21. Skana bapa za mezani zinaandikwa 6400 kwenye boksi lakini undani unaoupata ni mdogo kuliko hapo, kinachokua ni faili. Siku hizi natumia kamera ya dijitali yenye lenzi ya makro inayofika 1:1, yaani inapiga kitu kidogo kwa ukubwa wake halisi, nimeiweka f/8 na ISO 100, inatazama chini kwenye taa nyeupe ya LED, na chumba nakizima taa zote. Kazi ngumu ni kuinyoosha kamera iwe sambamba na negativu, vinginevyo pembe moja inatoka kali nyingine imefifia. Weka kioo kidogo cha kujitazamia pale negativu itakapolala, chungulia kwenye kamera, sogeza mpaka uone tundu la lenzi yako katikati kabisa ya fremu. Hapo umenyooka.

Halafu vumbi! Puliza kwa kipulizio cha mkono, usifute na kitambaa, utachora mikwaruzo. Baadhi ya skana zina mwanga wa infraredi wa kutafuta vumbi: rangi za filamu zinaupitisha, vumbi linauzuia, kwahiyo programu inajua cha kufuta ni kipi. Ila kwenye nyeusi na nyeupe ya kawaida picha ni fedha yenyewe, nayo inauzuia mwanga huo, basi skana inaiona picha ndo vumbi. Niliwahi kuiacha imewashwa mkanda mzima wa nyeusi na nyeupe, nywele na kope za watu zikatoka zimelikalika, iliniuma sana. Kilichoniokoa ni kwamba mkanda nilikuwa nao, nikaskani upya.

Kwahiyo tafadhali, ukipeleka filamu kusafishwa, dai negativu zako. Watu wanachukua faili wanaacha mkanda, na ukishatupwa hakuna pa kurudi.

Wiki iliyopita nimerudia fremu ya zamani ya mtu amekaa dirishani. Kwenye skani ya kwanza dirisha lilikuwa jeupe tupu, nikaamini miaka yote kwamba niliunguza mwanga. Safari hii nimeskani kwa biti 16, faili inayobeba ngazi nyingi zaidi za mwanga, bila kuongeza kontrasti, nikashusha sehemu angavu polepole, na pazia likatokea na mikunjo yake yote, na nyuma ya pazia kuna mti.